Seva ya GB 2 inapoanguka usiku: swapu, kubana vibarua, PHP-FPM au kununua RAM?

Alfajiri, adhana haijamalizika, simu ikaita. Ni mwenye nyumba moja ya wageni Jambiani, tovuti yake ya kuwekea nafasi za vyumba naitunza mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ile tovuti imelala tena. Picha hakuna, vyumba hakuna, pana mstari mmoja tu wa Kizungu. Na nina wageni wanataka Agosti."

Mstari wenyewe naujua: WordPress, programu inayoendesha tovuti, inalalamika kwamba imeshindwa kuifikia kanzidata, ghala la data zake. Niliiwasha upya MySQL, programu inayoendesha hiyo kanzidata, tovuti ikarudi, nami nikarudi kulala. Siku ya tatu ikaanguka vilevile, saa ileile. Hapo nikaona kuiwasha upya si kuitibu.

Ukiwauliza mafundi wenzako, kila mmoja ana dawa yake. Ongeza swapu, yaani diski isaidie RAM. Punguza michakato ya Apache, programu inayowapokea wageni wa tovuti. Achana na Apache, nenda Nginx, mpokezi mwingine, na PHP-FPM, inayoendesha PHP pembeni. Nunua RAM zaidi. Tenga kanzidata iwe na seva yake. Dawa zote hizi ni za kweli na zote nimewahi kuzitumia, lakini kila moja ina ugonjwa wake. Ukizikosea, utalipa kila mwezi na tovuti iendelee kuanguka. Naziweka hapa bega kwa bega kwa kutumia mashine mbili nilizozishika kwa mkono wangu.

Ya kwanza ni hiyo ya Jambiani: seva ya kukodi iliyoko Ulaya, RAM GB 2, Ubuntu (aina ya Linux), na ndani yake Apache, PHP (lugha inayotengeneza kurasa) na MySQL 8.0 vinakaa pamoja. Ya pili ni kompyuta iliyowekwa chini ya meza katika duka la vifaa vya ujenzi Wete, Pemba, RAM GB 4, inaendesha programu ya stoo yenye MariaDB, ndugu wa MySQL, na wanaoitumia ni makarani wa duka peke yao. Kwa nini tovuti ya Jambiani ikae Ulaya? Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara, hawahitaji kuelezwa. Tangu hapo wengi hawataki kuweka ofisini kitu ambacho mgeni wa nje lazima akione saa yoyote.

Kwanza, njaa ni ya kweli?

Kabla ya kuchagua dawa, andika `free -h`, na jicho liende safu ya available, si safu ya free. Watu wengi husoma free, wakaona MB 70, wakashika kichwa. Linux haiachi RAM ikae bure. Ikisoma faili kutoka kwenye diski huweka nakala katika nafasi iliyobaki, na programu ikihitaji nafasi hiyo huachiwa papo hapo. Kwa hiyo free ndogo ni hali ya kawaida ya mashine yenye afya. Available ndiyo inayokwambia ni kiasi gani programu mpya inaweza kupata bila kuanza kubanana.

Jambiani, dakika chache kabla ya kuanguka, available ilikuwa MB 60 na swapu ilikuwa sifuri. Hiyo ni njaa. Wete, free ilikuwa MB 110 lakini available ilikuwa GB 2.3, na mwenye duka alikuwa ameshaambiwa anunue RAM. Mashine yake ilikuwa nzito kweli, ila haikuwa na njaa hata kidogo. Nitamrudia.

Jambo la pili la kupima ni umbo la njaa. Sakinisha sysstat, iache iandike hali ya RAM kila dakika 10, halafu itazame kwa `sar -r` baada ya siku mbili tatu. Matumizi yakipanda na kushuka kama maji ya bahari, yanajaa wageni wakiwa wengi na kupwa wakiondoka, tatizo lako ni wingi wa kazi kwa wakati mmoja. Yakipanda tu, usiku na mchana, wageni wawepo wasiwepo, una ngalawa inayovuja: kuna programu inachukua nafasi bila kuirudisha. Chombo kinachovuja hakiponi kwa kuongezewa ukubwa. Utafua maji mpaka uchoke, usipotafuta tundu lenyewe.

Ya Jambiani ilikuwa ya kujaa na kupwa, isipokuwa ilijaa saa tisa usiku, wakati hakuna mgeni anayetafuta chumba.

Aliyeuawa si aliyekula

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. RAM inapokwisha kabisa na swapu haipo, kiini cha Linux (kernel) huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mashine iendelee kuishi. Ushahidi hubaki kwenye logi ya kiini, daftari la matukio yake. Andika `journalctl -k` utafute maneno "Out of memory". Mimi nilikuta huu:

Out of memory: Killed process 1187 (mysqld) total-vm:1789204kB, anon-rss:412876kB

Mtu akiusoma mstari huu haraka atasema MySQL inakula sana, tuipunguze. Lakini tazama hesabu. MySQL ilikuwa na takriban MB 400. Wakati huohuo palikuwa na michakato 21 ya Apache, na kila mmoja una MB 55. Hiyo ni zaidi ya MB 1,150. Kiini hakihesabu ukoo, kinamtazama mmoja mmoja, na katika wote hao mnene kuliko wenzake alikuwa MySQL. Kundi limekula, mmoja amelipa. Ukiibana MySQL kwa sababu ndiyo iliyouawa, unamwadhibu aliyedhulumiwa, na tovuti inakuwa nzito zaidi.

Ilikuwaje isiinuke yenyewe, na systemd, msimamizi wa huduma za Linux, imewekwa ili iiwashe upya ikifa? Ilijaribu. Ilikuta Apache bado imekalia nafasi, MySQL ikakosa pa kutandika akiba yake ya InnoDB, sehemu ya RAM inamoweka data ili isiende diskini kila mara, ikaacha. Ikajaribu tena, ikaacha tena, mpaka systemd yenyewe ikakata tamaa. Mama aliponipigia, Apache ilikuwa imeshatulia zamani na nafasi tele ipo, ila hakuna tena aliyeiita MySQL.

Nikafungua logi ya Apache ya saa tisa usiku. Kumbe ni roboti za kutafuta kurasa. Kalenda ya vyumba ilikuwa na kiungo cha "mwezi ujao", na kila mwezi una mwezi ujao wake, bila mwisho. Roboti zilikuwa zimefika Machi 2061, zinauliza kama kuna chumba cha kuangalia bahari. Kila ukurasa kama huo haumo kwenye akiba yoyote, kwa hiyo PHP inaamka, MySQL inaulizwa, na MB 55 nyingine zinachukuliwa. Nikaizuia kalenda isivuke miezi 18 mbele, nikaandika pia kwenye robots.txt. Hiyo robots.txt ni ombi la adabu tu, wenye adabu huiheshimu na wengine hupita, ndiyo maana kizuizi kiwe ndani ya kalenda yenyewe. Dawa hii haikuwamo katika orodha ya fundi yeyote, na haikugharimu hata shilingi. Kabla ya kununua chochote, soma logi ya saa ileile seva ilipoanguka.

Lakini tundu moja likizibwa haina maana kwamba mashine imekuwa salama. Siku moja watakuja wageni wa kweli kwa mkupuo. Kwa hiyo dawa zenyewe sasa.

Swapu na kubana vibarua

Nazilinganisha hizi mbili kwanza kwa sababu zote ni za bure na zote zinawezekana leo hii, na kwa sababu watu huzichukulia kama kitu kimoja. Moja inaongeza mahali pa kukaa, nyingine inapunguza wanaokaa.

Swapu ni kipande cha diski kinachojifanya RAM. Kuiweka ni dakika mbili: `fallocate -l 1G /swapfile`, kisha `chmod 600`, `mkswap`, `swapon`, na mstari mmoja katika /etc/fstab ili irudi mashine ikizimwa na kuwashwa. Baadhi ya seva za bei ya chini hazikuruhusu kabisa, kwa kuwa kiini unagawana na wateja wengine. Ukiambiwa huna ruhusa ya swapon ilhali wewe ndiye root, mwenye mamlaka yote ya mashine, ndiyo sababu yake.

Ubaya wa swapu ni mwendo. Kusoma kutoka kwenye RAM ni jambo la nanosekunde mia hivi. SSD ni mikrosekunde mia, yaani mara 1,000 zaidi. Diski ya kuzunguka, kama ile ya Wete, ni milisekunde kumi hivi, mara 100,000. Usiku wa kwanza niliiwekea seva ya Jambiani swapu ya GB 1 bila kugusa kitu kingine, na kalenda ilikuwa bado haijafungwa. Haikuanguka. Lakini michakato ya Apache, ilipoona nafasi bado ipo, ikaongezeka, na ukurasa mmoja ukawa unafunguka kwa zaidi ya nusu dakika. Mgeni aliyeko Milano hangojei nusu dakika, anafunga na kwenda hoteli nyingine. Tovuti iliyo hai namna hiyo haina tofauti na iliyokufa, ila tu hakuna anayekupigia simu kukwambia.

Kujua kama swapu inakusaidia au inakuangamiza, andika `vmstat 1` utazame safu za `si` na `so`, yaani kinachorudi kutoka swapu na kinachokwenda huko. Zikiwa sifuri muda mwingi na kuruka mara mojamoja, swapu inafanya kazi yake: imepeleka diskini vitu visivyotumika. Zikiwa na namba kubwa kila sekunde bila kupumzika, mashine inabeba mzigo mbele na kuurudisha nyuma bila kufika popote. Mimi huweka swapu kwenye kila seva ndogo, na hupunguza vm.swappiness kutoka 60 ya kawaida hadi 10. Naichukulia kama pumzi ya ziada ya dakika chache, basi.

Kubana vibarua ni jambo jingine. Apache ya aina ya prefork humpa kila mgeni mchakato mzima peke yake, na mimi huiita hiyo michakato vibarua. Ubuntu huweka kikomo chao, MaxRequestWorkers, kuwa 150. Zidisha mwenyewe: 150 mara MB 55 ni zaidi ya GB 8, kwenye mashine ya GB 2. Seva ilikuwa imeahidi kuajiri watu ambao haina chakula cha kuwalisha, na ahadi hiyo imekaa kimya kwenye faili la mipangilio tangu siku ya kwanza ikingoja siku ya wageni wengi.

Hesabu niliyoifanya ni hii. RAM inayotumika ni MB 1,950 hivi. Mfumo wenyewe nikaupa 250. MySQL 450, ipate na nafasi ya kunyoosha miguu. Nikaacha 250 kwa ajili ya nakala za faili na dharura. Inabaki 1,000. Gawanya kwa 55, unapata vibarua 18.

Namba 55 usiichukue kutoka kwangu, ipime kwako. Na usiipime kwa safu ya RSS ya `ps`, kwa sababu vibarua wa Apache wanagawana sehemu ya RAM na RSS inaihesabu sehemu hiyo kwa kila mmoja. Angalia mstari wa Pss katika /proc/namba-ya-mchakato/smaps_rollup. Ipime kukiwa na kazi, si saa ya utulivu, kwani kibarua aliyemaliza kutengeneza ukurasa mzito ni mnene kuliko aliyezaliwa sasa hivi. Kwa sababu hiyo hiyo weka MaxConnectionsPerChild iwe 1000, badala ya sifuri inayokuja nayo. Kibarua akishahudumia miunganisho elfu moja anaondoka na anakuja mwingine mwembamba. Kama kuna plagini (kiongezo cha WordPress) inayovuja, hii ndiyo itakayokuokoa mpaka uijue ni ipi.

Mgeni wa 19 anakwenda wapi? Anangoja. Ombi lake linakaa kwenye foleni mpaka kibarua mmoja apate nafasi, na kama kila ukurasa unachukua nusu sekunde, kungoja kwenyewe hakuonekani. Watu huogopa kupunguza namba hii wakidhani wanawafukuza wageni. Ukweli ni kinyume: kibarua wa 21 ndiye aliyekuwa akiwafukuza wote kwa pamoja.

Upande wa MySQL, max_connections huja ikiwa 151. Ukiwa na vibarua 18, 30 zinatosha, pamoja na zako wewe fundi. Na kama unataka bima, andika `systemctl edit mysql` uweke OOMScoreAdjust=-600. Siku RAM ikiisha tena, kiini kitamwendea kibarua mmoja wa Apache badala ya MySQL, na mgeni mmoja atapoteza ukurasa mmoja badala ya wote kupoteza tovuti. Haiongezi hata kilobaiti moja ya nafasi, inabadilisha tu nani atakayeumia.

Kati ya swapu na kubana, nikilazimishwa kuchagua moja, sisiti: kubana. Zikiwa pamoja ni bora zaidi.

Kuhamia PHP-FPM

Tatizo la prefork linaonekana vizuri ukiwa Nungwi na simu yenye mtandao dhaifu. Tuseme mgeni anafungua picha ya chumba yenye MB 3, na mtandao wake unapitisha megabiti 1 kwa sekunde. Picha itachukua sekunde 24 kumfikia. Muda mwingi wa hizo, kibarua mmoja wa MB 55, mwenye PHP nzima tumboni, amesimama ameshika picha, hana kazi nyingine. Picha ikishafika, bado anaweza kungoja sekunde 5 za KeepAlive kuona kama mgeni ataomba kingine. Vibarua 18 wa namna hiyo wanaisha upesi.

Ukitumia Nginx, au Apache ya aina ya event, pamoja na PHP-FPM, kazi zinagawanywa. Mlangoni anakaa mtu mwepesi anayeweza kushika mamia ya wageni wa polepole kwa RAM ndogo, na PHP inaitwa tu kunapokuwa na ukurasa wa kutengeneza. Jambiani nilimaliza na michakato 12 ya PHP, kila mmoja MB 45, jumla 540 mahali pa zile 1,000. Zilizobaki nikaipa MySQL, akiba yake ya InnoDB ikapanda kutoka MB 128 hadi 384. Kwa seva ndogo weka pm iwe ondemand, ili michakato isiyo na kazi iondoke baada ya sekunde 10, na soma logi ya FPM: ikilalamika mara kwa mara kwamba imefika pm.max_children, ndipo ufikirie kuongeza, na kwa hesabu ileile.

Nginx au Apache event? Swali hili linawachelewesha watu bure. Ukiwa na mafaili ya .htaccess mengi, baki na Apache, kwani Nginx haiyasomi kabisa na utalazimika kuandika kila kanuni upya. Nimewahi kuona tovuti iliyohamishwa kwa haraka, viungo vyote vya ndani vikawa havifunguki isipokuwa ukurasa wa mbele, na mafaili yaliyokuwa yamefichwa na .htaccess yakawa wazi kwa kila mtu. Hilo la pili ndilo la hatari, maana halionekani. Kwa tovuti mpya mimi huchagua Nginx. Kwa ya Jambiani nilichagua Apache event.

Kazi hii si ya dakika mbili kama swapu. Itengee usiku mmoja mzima, na ifanye msimu wa masika wageni wakiwa wachache, si wiki ya Sauti za Busara.

Kununua RAM: hadithi ya Wete

Sasa turudi kwenye kompyuta iliyo chini ya meza. Makarani walilalamika kwamba kila mwisho wa mwezi, ripoti ya stoo ikivutwa, wote wanasimama na wateja wamejaa dukani. Kanzidata ilikuwa na GB 3 za data. Akiba ya InnoDB ilikuwa MB 128, kiasi inachokuja nacho MariaDB ikisakinishwa, hakuna aliyewahi kukigusa. Kwa hiyo mashine ilikuwa na GB 2.3 zinazopatikana, na kanzidata inachota data diskini kijiko kwa kijiko.

Swali la kuuliza kanzidata ni: mara ngapi umekikuta ulichokihitaji kwenye akiba, na mara ngapi umelazimika kwenda diskini? Majibu yako kwenye `SHOW GLOBAL STATUS`, mistari ya Innodb_buffer_pool_read_requests na Innodb_buffer_pool_reads. Ya pili ikiwa ndogo sana mbele ya ya kwanza, RAM zaidi haitakusaidia kitu. Ikipanda kwa kasi wakati wa ripoti, akiba haitoshi.

Nikaipandisha akiba hadi GB 1.5, bila kununua chochote. Nikaongeza faharasa kwenye safu ya tarehe, ambayo ripoti ilikuwa ikiipekua jedwali zima kuitafuta. Nikakuta pia mtu aliyenitangulia ameweka sort_buffer_size MB 64, akidhani kubwa ni bora. Kiasi hicho kinaweza kuchukuliwa na kila muunganisho peke yake: makarani 20 wakivuta ripoti pamoja, ni zaidi ya GB 1.2 zimekwenda kwa kupanga tu. Nikairudisha kwenye kiwango chake cha kawaida. Ripoti ikawa inatoka kabla karani hajaondoa mkono kwenye kipanya.

Hata hivyo, baada ya mwaka data ilizidi kukua, na hapo RAM ikawa jawabu sahihi. Kwa kompyuta ya ofisini RAM hununuliwa mara moja na imekwisha. Kwa seva ya kukodi, unailipia kila mwezi maisha yote, kwa dola au yuro, na kila daraja aghalabu ni mara mbili ya lililo chini yake. Tofauti hii pekee inatosha kukufanya ubane kwanza kwenye ya kukodi, na usione tabu kununua kwenye ya ofisini.

Kipande cha GB 4 tulikinunua mjini Unguja kikiwa kimetumika, kikavuka na boti hadi Mkoani, kikapanda gari hadi Wete. Hakikisha kabla: DDR3 haingii pa DDR4, na ya laptopu si ya kompyuta ya mezani. Kiliingia, mashine ikahesabu GB 8, nikapandisha akiba hadi GB 4. Hili la kupandisha watu husahau, wakalalamika RAM mpya haijaleta tofauti. Kanzidata haijui umenunua nini mpaka uiambie.

Wiki moja baadaye MariaDB ikaanza kuzima ovyo, safari hii bila mstari wowote wa "Out of memory". Logi yake ililalamika kuwa kurasa za data haziwiani na hesabu zake za uhakiki. Tulikuwa na RAM ya kutosha, lakini ilikuwa mbovu. Nilichomeka flashi yenye memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaiacha usiku kucha, na kulipokucha kioo kilikuwa chekundu. Kipande kikatolewa, tukarudisha data kutoka nakala ya jana yake. Tangu siku hiyo RAM iliyotumika siiweki chini ya kanzidata ya mtu kabla haijamaliza usiku mmoja wa memtest, hata mwenye duka awe na haraka namna gani.

Kutenga kanzidata

Dawa hii inavutia kwenye karatasi: Apache kwake, MySQL kwake, hakuna atakayemuua mwenzake. Kwa tovuti kubwa ni sawa kabisa, na ikiwa kanzidata peke yake kwenye seva unaweza kuipa akiba ya InnoDB robo tatu ya RAM yote bila hofu.

Ila pima umbali kwanza. Ukurasa mmoja wa WordPress wenye plagini kadhaa unaweza kuiuliza kanzidata mara 40, na maswali hayo huenda moja baada ya jingine. Seva mbili zikiwa jengo moja na kila safari ni nusu ya milisekunde, umeongeza milisekunde 20, hakuna atakayejua. Ukiweka tovuti Dar es Salaam na kanzidata ikabaki Ulaya, na kila safari ikachukua milisekunde 150, ukurasa huo umeongezewa sekunde 6 kabla PHP haijafanya kazi yake. Kisha mlango wa 3306, ambao MySQL hupokelea maswali, usiufungue kwa dunia nzima, uruhusu anwani ya seva ya tovuti tu. Na kuanzia hapo una mashine mbili za kulipia, mbili za kusasisha na mbili za kuamkia alfajiri.

Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba tisa nilimwambia mama hapana. Nitambadilishia jibu siku akiba ya InnoDB itakapohitaji zaidi ya GB 2 peke yake, michakato ya PHP ikiwa imeshabanwa na kalenda imeshafungwa.